Picha Baada ya Dripu: Kujua Kama Saratani ya Mitoki Imesikia Dawa

"Mbona ripoti inasema uvimbe bado upo?" Hilo ni swali la wagonjwa wengi wa limfoma, ile saratani ya mitoki, wakiwa nje ya chumba cha daktari na bahasha ya kahawia mkononi. Dripu zote za dawa ya saratani zimekwisha. Jasho la usiku limekatika, hamu ya kula imerudi, nguo zilizokuwa zinapwaya zimeanza kukaa mwilini. Halafu karatasi inasema kifuani kuna kinundu cha sentimita 3. Wapo wanaotoka hapo wakiamini hawana tena matumaini. Wapo na wale wa upande wa pili: mtoki wa shingoni umeyeyuka baada ya dripu ya pili, wakajiona wamepona, wakaacha kliniki.

Makosa ya makundi haya mawili yana chanzo kimoja. Ukubwa wa uvimbe siku moja, ukiutazama peke yake, hausemi kama ugonjwa umesikia dawa. Jibu hupatikana picha ya kabla na picha ya baada zinapowekwa ubavu kwa ubavu, zikasomwa na mtu anayejua dripu ya mwisho iliingia lini. Yote yanayofuata hapa yanatokana na hilo, na sehemu kubwa iko mikononi mwa mgonjwa na ndugu zake kuliko wanavyodhani.

Itunze picha ya kwanza

Limfoma ni saratani ya chembe nyeupe za damu zinazoishi kwenye mitoki, bandama na uboho wa mifupa. Kwa kuwa mitoki imetapakaa shingoni, kwapani, kifuani, tumboni na kwenye kinena, ugonjwa unaweza kujificha mahali mkono usipofika. Ndiyo maana kabla ya dripu ya kwanza mgonjwa hupigwa picha kuanzia shingo hadi nyonga. Picha hiyo hutumika kupanga hatua ya ugonjwa, ya 1 hadi ya 4, kwa utaratibu ulioanzia kwenye mkutano wa madaktari huko Ann Arbor, Marekani, mwaka 1971. Kazi yake ya pili huja miezi kadhaa baadaye: kuwa kipimo cha kulinganishia.

Na hapo ndipo mambo huharibika. Mgonjwa amepigwa picha katika hospitali ya mkoani kwao, akapewa rufaa kwenda Ocean Road Dar es Salaam, Bugando Mwanza au KCMC Moshi, akafika na karatasi moja ya ripoti iliyoandikwa "mitoki mingi mikubwa tumboni". Mikubwa kiasi gani? Ipo mingapi? Karatasi haisemi. Dripu zinaanza kwa sababu ugonjwa hausubiri, na miezi sita baadaye daktari anatazama picha mpya bila kuwa na cha kuilinganisha nacho.

Omba sidii yenye picha zenyewe siku hiyohiyo unapopimwa. Picha ya filamu iliyopigwa kwa simu haitoshi, kwa sababu msomaji anahitaji kupita kipande kwa kipande na kupima mwenyewe. Nakili sidii hiyo kwenye flashi au kompyuta ya mtu wa familia unayemwamini, maana sidii hukwaruzika na kupotea kwenye safari. Kama picha ya kufuatilia inaweza kupigwa hospitali ileile, kwa mashine ileile, ni bora zaidi.

CT na hesabu yake

Kipimo kinachopatikana zaidi kwetu ni CT. Mashine hupiga eksirei kuuzunguka mwili na kutoa picha za vipande vyembamba, na mgonjwa hudungwa dawa kwenye mshipa ili mishipa ya damu itofautike na mitoki. Dawa hiyo hutoka kwa njia ya figo, kwa hiyo utapimwa damu kwanza kuangalia figo zako. Mwenye kisukari, mwenye tatizo la figo, au aliyewahi kuwashwa na kuvimba baada ya sindano kama hiyo aseme mapema.

Daktari wa radiolojia huchagua vinundu visivyozidi 6, vile vikubwa vinavyopimika vizuri, akapima kila kimoja urefu na upana. Huzidisha namba hizo mbili, kisha hujumlisha za vinundu vyote. Jumla ikishuka kwa asilimia 50 au zaidi, hiyo ni nafuu ya sehemu. Mitoki ikirudi kwenye sm 1.5 au chini ya hapo kwa urefu, na hakuna uvimbe mpya, kwa CT hiyo ni nafuu kamili. Vigezo hivi vilichapishwa mwaka 2014 baada ya mikutano ya wataalamu, na huitwa vigezo vya Lugano, kwa jina la mji wa Uswisi.

Hesabu hii huwakatisha watu tamaa bure. Chukua mtoki wa tumboni wenye sm 6 kwa 4. Ukizidisha unapata 24. Baada ya dripu kadhaa unasoma 4 kwa 3, yaani 12. Anayetazama urefu peke yake ataona umepungua theluthi moja tu na moyo utamwingia baridi, kumbe kwa kanuni ya madaktari umeshuka nusu kamili.

Kuna jambo jingine ambalo CT haiwezi kulitatua, nalo ndilo lililomtia hofu mgonjwa wetu mwenye kinundu cha sm 3. Katika limfoma ya Hodgkin, seli zenyewe za saratani huwa chache sana ndani ya uvimbe, mara nyingi kama asilimia 1 tu. Zilizobaki ni seli za kinga zilizokusanyika pamoja na nyuzi za kovu. Dawa inapoua zile seli chache, kovu haliondoki kwa kasi hiyohiyo, na pengine haliondoki kabisa. Kwenye CT, kovu lililokufa na ugonjwa ulio hai vinaweza kufanana kabisa. Vigezo vya kimataifa vya mwaka 1999 vilikuwa na kundi maalumu la watu wa namna hii: waliopata nafuu kamili isiyothibitika. Fikiria mtu anavyorudi nyumbani na jibu la aina hiyo. Kundi hilo lilifutwa mwaka 2007, kwa sababu wakati huo PET ilikuwa imeingia.

PET-CT: kujua kilicho hai

CT ni sawa na kulitazama jivu jikoni asubuhi: unaona lundo na ukubwa wake, lakini hujui kama chini yake kuna kaa lenye moto. PET hutafuta huo moto. Mgonjwa hudungwa sukari iliyofungwa na florini yenye mionzi, kwa ufupi FDG. Limfoma nyingi hula sukari kwa pupa, kwa hiyo sukari hiyo hujikusanya zilipo, na mashine huonyesha mahali panapowaka. Picha ya CT hupigwa papo hapo ili ijulikane panapowaka ni wapi hasa.

Kuwaka pekee hakutoshi, maana ubongo huwaka, moyo unaweza kuwaka, na kibofu huwaka kwa kuwa sukari hiyo hutoka kwenye mkojo. Mwaka 2009 wataalamu walikutana Deauville, mji wa pwani kaskazini mwa Ufaransa, wakakubaliana juu ya alama tano ambazo leo utazikuta kwenye ripoti nyingi. Alama 1 ni pale ambapo hakuna mwako. Alama 2, mwako upo lakini hauzidi ule wa damu kwenye mishipa mikubwa ya kifuani. Alama 3, umezidi damu hiyo ila haujazidi ini. Alama 4, umelizidi ini kiasi. Alama 5, umelizidi ini kwa mbali, au pametokea uvimbe mpya. Ukiona X, maana yake pana sehemu mpya inayowaka lakini haielekei kuwa limfoma.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba kipimo ni ini lako mwenyewe, siku hiyohiyo, kwenye mashine hiyohiyo. Namba kavu za mwako, zile zinazoandikwa SUV, hubadilika kutegemea mashine, sukari yako ya damu na dakika ulizosubiri baada ya sindano. Kulinganisha SUV ya Nairobi na SUV ya India kana kwamba ni kilo za mchele ni kujitafutia wasiwasi. Kulinganisha alama na alama ni salama zaidi.

Alama 1, 2 na 3 kwa kawaida huhesabiwa kuwa nafuu kamili, hata kama kinundu bado kipo. Rudia kusoma sentensi hiyo kama wewe ndiye mwenye bahasha. Alama 4 na 5 zinategemea zimetoka wapi na zimesomwa lini: katikati ya tiba, mwako uliopungua sana kutoka wa mwanzo unaonyesha dawa inafanya kazi, ingawa haijamaliza; mwishoni mwa tiba, mwako uleule unaashiria kwamba huenda ugonjwa umebaki.

Kipimo hiki kimebadilisha tiba yenyewe. Utafiti wa RATHL, uliochapishwa mwaka 2016, uliandikisha wagonjwa 1,214 wa Hodgkin iliyosambaa. Walipewa mizunguko miwili ya dawa nne zinazojulikana kama ABVD, kisha wakapigwa PET. Waliopata picha safi waligawanywa: wengine wakaendelea na dawa zote, wengine wakaondolewa bleomaisini, ile inayoweza kuumiza mapafu. Baada ya miaka mitatu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi au kuendelea walikuwa asilimia 85.7 kwenye kundi la kwanza na 84.4 kwenye la pili, na matatizo ya mapafu yalikuwa machache zaidi kwa walioondolewa dawa hiyo. Kwa hiyo mwenye Hodgkin ana haki ya kumuuliza daktari, kabla ya mzunguko wa tatu: je, kuna mpango wa kutazama nafuu sasa, na picha ikiwa safi dawa zitabadilika?

Afrika Mashariki, PET-CT bado ni ya kutafuta. Nairobi inapatikana Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wagonjwa wengine husafiri hadi India. Kama fedha za familia zinatosha PET moja tu, zungumzeni na daktari mapema kuhusu ipigwe lini. Kwa Hodgkin na kwa limfoma ya seli B kubwa, ambazo karibu zote huwaka, PET ya mwisho wa tiba inaweza kusomwa ikilinganishwa na CT ya mwanzo. Kwa aina nyingine, PET ya mwisho isiyo na PET ya mwanzo inaweza kupotosha, kwa sababu haijulikani kama ugonjwa huo uliwahi kuwaka. Baadhi ya limfoma zinazokwenda polepole huwaka kidogo au haziwaki kabisa, na hizo hufuatiliwa kwa CT. Kutumia akiba ya familia kwa PET katika hali hiyo hakuna faida.

Watoto wenye limfoma ya Burkitt, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, wana njia yao. Uvimbe wao unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na dawa ikifanya kazi hupungua mbele ya macho. Altrasaundi ya tumbo, isiyo na mionzi na inayopatikana karibu, pamoja na mikono ya daktari na vipimo vya maji ya uti wa mgongo, hueleza mengi. Mzazi asijione mnyonge kwamba mwanawe hakupata mashine kubwa.

Siku ya kipimo

Tarehe ni nusu ya kazi. Baada ya dripu ya mwisho, PET husubiri wiki 6 hadi 8. Baada ya tiba ya mionzi, kama miezi 3. Ukiwahi, majeraha ya tiba yanawaka na yanasomwa kama ugonjwa. Picha ya katikati ya tiba hupigwa karibu kabisa na siku ya mzunguko unaofuata. Mkienda safari ndefu, pangeni tikiti kwa tarehe hizo. Kuna familia huwahi kwa sababu ndugu wa kuwapokea yupo likizo, na matokeo yake ni ripoti yenye mashaka na gharama ya kurudia.

Kuhusu chakula, usile kwa saa 6 kabla ya PET. Maji ya kunywa yanaruhusiwa, na ni vizuri kunywa ya kutosha. Mazungumzo ya mapokezi mara nyingi huwa hivi:

"Mama, leo umekula chochote?"
"Sijala kitu, mwanangu. Nimekunywa chai kavu tu."
"Na sukari umeweka?"
"Vijiko viwili."

Kipimo kinaahirishwa, na mama huyo ametoka mbali. Chai yenye sukari, soda, juisi, pipi, hata bazoka ya kutafuna, vyote huharibu picha, kwa sababu sukari hiyo hushindana na ile ya kipimo na insulini huisukuma kwenye misuli. Utatobolewa kidole kupima sukari; ikizidi 11 (au 200 kwa vipimo vya mg), vituo vingi huahirisha. Mwenye kisukari apigie kituo simu siku chache kabla, aulize lini achome insulini na kama asimamishe metifomini, ambayo hufanya utumbo uwake. Asijipangie mwenyewe.

Siku moja kabla, acha kazi nzito: kubeba ndoo, kulima, mazoezi. Misuli iliyochoka hula sukari. Vaa nguo za kukutia joto, hasa ukitoka pwani kwenda Nairobi, kwa sababu baridi huamsha mafuta fulani ya shingoni na mabegani ambayo huwaka mahali hasa mitoki ilipo. Baada ya sindano utalala kimya kama saa nzima. Usipige simu, usitafune. Na usichelewe. Florini hiyo hupoteza nusu ya nguvu zake kila dakika 110, kwa hiyo dozi iliyoandaliwa kwa ajili yako saa tatu haitakuwa ileile saa tano.

Mjamzito, au anayehisi huenda ni mjamzito, aseme kabla ya picha yoyote kati ya hizi. Anayenyonyesha aulize pia. Ukishadungwa, kaa mbali na wajawazito na watoto wadogo kwa saa kadhaa. Anayekusindikiza asiwe mjamzito.

Si kila kinachowaka ni saratani

Kama ningeruhusiwa kusisitiza jambo moja kwa wasomaji wa ukanda wetu, ningechagua hili. Kifua kikuu huwaka kwenye PET, na huwaka sana, kwa sababu seli za kinga zinazopigana nacho nazo hula sukari. Mtoki wa kifua kikuu unaweza kupata alama 5 bila kuwa na seli hata moja ya saratani. Dripu, pamoja na prednisoloni inayotolewa kwenye mipango mingi, hushusha kinga na kumwamsha mdudu aliyekuwa amelala mwilini miaka mingi. Kwa hiyo mgonjwa aliyemaliza tiba vizuri, mitoki yake ya zamani imezimika yote, halafu ghafla panawaka sehemu ya juu ya pafu na mtoki mmoja karibu yake, anaweza kuwa na kifua kikuu.

Virusi vya Ukimwi visivyodhibitiwa pia huwasha mitoki. Sindano za kupandisha chembe nyeupe huwasha mifupa yote kwa pamoja, na chanjo ya mkononi huwasha mitoki ya kwapa la upande uleule. Kwa vijana, tezi ya thaimasi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua hukua upya miezi michache baada ya dripu na kuwaka, mahali palepale Hodgkin hupenda kukaa. Yote haya mwambie daktari anayesoma picha: kikohozi cha hivi karibuni, chanjo na tarehe yake, sindano ulizopata, jeraha, jino bovu. Asipoambiwa, atasoma anachokiona.

Ndiyo sababu PET yenye alama 4 au 5 mwishoni mwa tiba haipaswi peke yake kumpeleka mgonjwa kwenye dawa kali zaidi au kupandikizwa uboho. Kabla ya hapo, pale panapofikika, achukuliwe upya kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara. Uliza kwa heshima lakini usiogope: "Daktari, tunaweza kuchukua kinyama hapo panapowaka, kipimwe saratani na kifua kikuu kwa pamoja?" Kwa limfoma, kutoa mtoki mzima hupendekezwa kuliko kufyonza kwa sindano nyembamba. Pale pasipofikika, picha hurudiwa baada ya muda. Kosa la kinyume nalo lipo kwetu, na linaua: watu hutibiwa kifua kikuu kwa miezi kwa sababu tu wana mitoki na homa, wakati ni limfoma ambayo haijawahi kuchukuliwa kinyama.

Baada ya nafuu kamili

Picha ya mwisho ikiwa safi, watu wengi huomba PET kila baada ya miezi sita ili walale usingizi. Ninaielewa hofu hiyo, lakini vigezo vya Lugano havipendekezi picha za kawaida kwa mtu aliyepona asiye na dalili, na vinaonya kwamba zaidi ya asilimia 20 ya PET za namna hiyo hutoa hofu ya uongo, inayofuatwa na kinyama, gharama na mionzi isiyo ya lazima. Fedha hizo ni bora ziende kwenye nauli ya kliniki. Huko utapapaswa shingo, kwapa na tumbo, utapimwa uzito na damu, na picha itaagizwa kukiwa na sababu.

Sababu zenyewe ni hizi: mtoki mpya usiopungua ndani ya wiki mbili au tatu, homa isiyo na chanzo, jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito ndani ya miezi sita, kikohozi au kubanwa pumzi kusikoisha. Ukiona mojawapo, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda, na uende na sidii zote mbili, ya kabla ya dripu na ya baada.